Baada ya Tisini na Saba

Jeska anaisimulia vibaya. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye hitima ya Bi Hadija kule Nyantakara, tumekaa uani na akina mama tunamenya ndizi za kupika, akaanza bila hata kuniangalia: "Huyu mnayemwona kimya hivi, huyu alimfokea Mkuu wa shule mbele ya shule nzima. Alimnyooshea kidole!" Akina mama wakacheka, wengine wakanitazama kama watu wanaotafuta kidole chenyewe, nami nikainamia ndizi yangu. Sikumfokea mtu. Sijawahi kumfokea mtu tangu nizaliwe, hata mbuzi. Lakini sikumsahihisha Jeska pale pale, maana kumsahihisha mtu mbele ya watu ndicho kitu kigumu kuliko vyote kwangu, na niliporudi nilitoa kaunta buku langu la mwaka ule chini ya nguo nikasoma mpaka macho yakauma. Nina miaka kumi na tisa, najua ni mapema kujiita mtu wa kumbukumbu. Lakini Bi Hadija amekufa, na katika watu waliokuwepo yeye ndiye aliyekuwa anajua kila kitu kilivyokwenda. Nisipoandika mimi, itabaki ya Jeska, yenye kidole.

Nilikuwa Kidato cha Pili. Sitaandika habari za nyumbani kwetu Murukulazo, wala sababu ya binti wa Ngara kuvuka mpaka wa wilaya kwenda kusoma Biharamulo; hayo yana wenyewe na bado wako hai. Nitaanzia kwenye geto. Shule yetu haikuwa na bweni, kwa hiyo sisi tuliotoka mbali tulipanga vyumba kwa watu, na mimi na Jeska, ambaye kwao ni Kaniha, tulipanga kwa Bi Hadija. Chumba kilikuwa na upana wa kitanda kimoja na nusu. Kwenye hiyo nusu ndipo tulipoweka madumu ya maji, ndoo ya unga wa muhogo, masufuria mawili na jiko la mkaa ambalo mvua ikinyesha tulilipikia mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Dirisha lilikuwa la mbao na halikufungwa vizuri. Ukutani Jeska alibandika picha za maharusi alizokata kwenye kalenda. Mimi sikubandika kitu. Bi Hadija alikuwa mjane, mama wa makamo anayelima maharage na mihogo, na mwanzoni alidhani mimi ni bubu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza jina, nikamwambia Spesioza, na baada ya hapo wiki mbili zikapita hakusikia neno lingine. Siku moja nilimsikia anamwambia jirani juu ya ua: "Nina wapangaji wawili. Mmoja redio, mwingine betri zimeisha."

Kilichonifanya nisizungumze sijui. Watu walisema ni kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa na Kihangaza ndani yake, na kweli darasani walikuwepo waliokuwa wakiniambia, "We Mrundi, rudi kwenu ukahesabie ng'ombe," ingawa Murukulazo iko Tanzania tangu dunia iumbwe na kwetu hatuna ng'ombe. Lakini hata Kihangaza nilikisema kidogo. Nilichokuwa nacho ni hilo kaunta buku. Upande wa kulia wa kila ukurasa niliandika mambo ya siku, kila kitu, hata aibu zangu. Upande wa kushoto niliacha mtupu, na mwaka ule upande wa kushoto ulijaa tarakimu.

Darasa letu lilikuwa zamani la shule ya msingi, wakalijenga upya nusu na kuliacha nusu. Ukuta wa nyuma, upande wa nje, uliachwa na michoro yake: ramani ya Tanzania, sehemu za ua, na chini yake kwa rangi ya bluu maneno NAMBA TASA na orodha yake, mistari mitano ya namba tano tano, kuanzia mbili mpaka tisini na saba. Mwalimu Kahigi, aliyetufundisha hesabu, aliupenda ukuta ule kuliko kitabu. Alikuwa mwalimu mzuri, naomba hilo lisipotee humu. Alikuwa hachapi. Aliingia darasani akiimba vipeo, na alitupenda kiasi kwamba alianzisha klabu ya hesabu saa tisa baada ya vipindi, akitununulia viazi vitamu vya kuchemsha ili tusikimbie. Kwenye klabu tulizipanga namba kwa aina zake kama watu wanavyopanga mbegu. Kuna shufwa na witiri. Kuna kamili, kama sita, ambayo vigawo vyake moja, mbili na tatu ukivijumlisha vinairudisha yenyewe. Kuna ziada, kama kumi na mbili, ambayo vigawo vyake vinaizidi, na kuna pungufu, ambazo vigawo vyake havifiki. Na kuna tasa, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. "Namba ukiitilia shaka," alikuwa akisema, "ipeleke ukutani. Igawanye kwa hawa ishirini na tano, mmoja mmoja. Ikiwapita wote, ni tasa. Mheshimu."

Siku moja akaandika ubaoni moja zilizojipanga. Kumi na moja, tasa. Mia moja kumi na moja, ikaanguka kwa tatu. Elfu moja mia moja kumi na moja, ikaanguka kwa kumi na moja. Moja tano zilifika mpaka arobaini na moja ndipo zikaanguka, tukapiga makofi. Moja sita zikaanguka kwa tatu tena. Kisha akaandika moja saba: 1,111,111. Tuligawana ukuta, kila mtu na namba zake, tukagawanya wiki nzima. Zote ishirini na tano ziliacha baki. Mwalimu Kahigi alirudia zote mwenyewe kwa mkono, akaja darasani Ijumaa na macho mekundu kama mtu aliyetoka kwenye moshi, akasema, "Vijana, huyu ni Jemedari." Jina likashika. Kwa kuwa muhula wa pili kulikuwa na wageni wa kutoka wilayani wanaokuja kuangalia majengo, Mkuu wa shule alitoa rangi, na Mwalimu akapanda ngazi akaandika juu kabisa ya ukuta, karibu na linta, kwa Kiswahili ili na wazazi wasome: 1,111,111 NI NAMBA TASA. Chini yake kwa herufi ndogo, jina la klabu. Mkuu alipenda sana. Aliwaambia walimu wengine kwamba shule za jirani zina mabati mapya lakini hazina hiki.

Shaka yangu haikuanzia kwa Jemedari, ilianzia kwa namba ndogo ambayo hakuna aliyeitaja. Nilikuwa natwanga mihogo kwa Bi Hadija, na nikitwanga huwa nahesabu. Nikajiuliza, baada ya tisini na saba, tasa inayofuata ni ipi? Mia moja na moja. Nikaizidisha yenyewe kwa yenyewe kichwani, mia na moja mara mia na moja, nikapata elfu kumi, mia mbili na moja. Nikaacha kutwanga. Namba hii nimeitengeneza mimi mwenyewe sasa hivi kwa kuzidisha, kwa hiyo si tasa. Lakini ukiipeleka ukutani itawapita wote ishirini na tano, maana haina kigawo kingine zaidi ya mia na moja. Nilikwenda kuandika, nikagawanya zote, ikapita. Ukuta haukuwa muongo. Ukuta ulikuwa mfupi. Namba ikigawanyika, vigawo vyake hutembea wawili wawili, mmoja mdogo na mmoja mkubwa, na ukimtafuta mdogo inabidi ufike mpaka pale ambapo namba ikizidishwa kwa yenyewe inaipita ile unayoigawanya. Tisini na saba inatosha kwa namba za elfu kumi kushuka chini, na namba za vitabuni hazivuki hapo. Ndiyo maana Mwalimu Kahigi alifundisha miaka yote hiyo na ukuta haukumwangusha hata mara moja. Lakini Jemedari ni milioni. Kwa Jemedari ilibidi kufika elfu moja na hamsini na kitu.

Nilitengeneza orodha yangu ya tasa upande wa kushoto wa kaunta buku, nikaanza. Tasa moja au mbili kwa jioni, zaidi ya hapo kichwa kilikataa na Jeska naye alikuwa anataka kuongea. Nilikaa kwenye kigoda nje ya jiko la Bi Hadija wakati yeye anachambua maharage ya mbegu kwenye ungo, kabla hajaswali magharibi. Siku ya kwanza aliniuliza nafanya nini. Nilijikaza nikamweleza kwamba nagawanya, natafuta namba ambayo haitaacha baki. Aliwaza. Akasema, "Kama kugawa mbegu kwa watoto wasigombane." Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo, badala ya kuniuliza habari za shule, alikuwa ananiuliza kitu kimoja tu.

"Imebaki ngapi leo?"

"Kumi, Bi Hadija."

"Bado wanagombana."

Ile kumi ilikuwa ya mia na moja. Mia na tatu ilibakiza hamsini. Mia thelathini na saba ilibakiza arobaini na moja. Ugali wa muhogo na kisamvu, baki hamsini. Viazi na dagaa, baki arobaini na moja. Nikisoma sasa naona nimeandika chakula na baki pamoja, kama vile vilipikwa chungu kimoja. Jumapili moja nilichoka kugawanya nikamzidisha Jemedari kwa Jemedari, nikapata 1,234,567,654,321, namba inayopanda ngazi mpaka saba na kushuka upande wa pili. Nilicheka peke yangu. Jeska alidhani nimepata barua. Nilipofika mia mbili ishirini na tisa ilibakiza tatu tu, na Bi Hadija akasikitika kweli kweli, akaniambia, "Tatu ni karibu sana, hebu rudia," nikarudia, ikawa tatu ile ile. Mia mbili thelathini na tatu ilirudi kuwa mbali, mia moja sitini na saba. Jioni iliyofuata nikashika mia mbili thelathini na tisa. Nne mara, ikabaki mia moja hamsini na tano. Sita mara. Nne mara tena. Mwisho ilibaki elfu mbili mia moja hamsini na moja, na mia mbili thelathini na tisa mara tisa ni elfu mbili mia moja hamsini na moja. Nilitazama sifuri ile kama mtu aliyeona nyoka kwenye kigoda.

"Imebaki ngapi?" Bi Hadija aliuliza bila kuinua kichwa.

"Haijabaki."

Ungo ulisimama. "Haijabaki kabisa?"

"Kabisa."

"Basi wamegawana sawa," akasema, akaongeza punje mbili kwenye mbegu. "Kamwambie mwalimu wako. Atafurahi."

Hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu kumwambia ilitaka mdomo. Nilikwenda mlangoni pa ofisi ya walimu siku tatu. Siku ya kwanza nilirudi kabla ya kubisha. Siku ya pili nilibisha, mwalimu mwingine akaniuliza nataka nini, nikasema nataka chaki, akanipa chaki. Siku ya tatu niliona bora niandike: kwenye daftari langu la mazoezi, chini ya maswali ya siku hiyo, niliandika kwa herufi safi kwamba Jemedari ni 239 mara 4,649, tafadhali Mwalimu angalia. Madaftari yalikuwa zaidi ya themanini. Liliporudi, juu ya sentensi yangu kulikuwa na vema kubwa nyekundu iliyopita kutoka pembe mpaka pembe, na neno "Vizuri". Hakusoma. Sikumlaumu, lakini nilikasirika, na mimi nikikasirika sina pa kuipeleka hasira, inakaa tu kifuani inazunguka kama kuku aliyefungiwa. Wageni walikuwa wanakuja Ijumaa ya wiki inayofuata. Wangesimama mbele ya ukuta ule, mmoja wao angekuwa anajua, angecheka garini wakati wa kurudi, na kicheko chake kingekuwa juu ya Mwalimu Kahigi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini kaunta buku halinidanganyi, na siku ile niliandika: "Siwezi kuketi chini ya uongo ninaoujua mpaka Kidato cha Nne. Shingo itauma."

Jumatatu ilikuwa zamu yangu ya kufagia darasa. Nilifika jua linachomoza, nikiwa na kipande cha mkaa wa Bi Hadija kwenye mfuko wa sketi. Sikuwa na ngazi. Niliandika pale mkono ulipofika, chini kidogo ya orodha ya bluu, herufi kubwa: SIYO. 239 × 4,649. Kisha nikafagia vizuri kuliko siku zote.

Kabla ya kengele shule nzima ilikuwa imeshaona. Paredi ya asubuhi ilifanyika nje ya darasa letu badala ya kwenye bendera, na Mkuu wa shule, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, aliuliza nani. Nilinyoosha mkono. Nadhani ndiyo mara ya kwanza shuleni pale kunyoosha mkono, na nyuma yangu mtu akasema, "Kumbe ana mkono!" Watu wakacheka. Mwalimu Kahigi alikuwa amesimama peke yake karibu na ukuta. Midomo yake ilikuwa inacheza. Miaka minne sasa nawaza ile midomo, na nina hakika alikuwa anazidisha, na nina hakika alimaliza. Lakini alipogeuka alisema tu, kwa upole, "Spesioza, nani kakupa hii?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Hii haipatikani hivi hivi," Mkuu akaingilia. "Hii ni ya simu. Una simu!"

Kuwa na simu shuleni kwetu lilikuwa kosa la kusimamishwa masomo, hakuna onyo. Mtihani wa Kidato cha Pili ulikuwa umebakiza wiki tatu. Kusimamishwa wakati ule maana yake hufanyi mtihani, na asiyefanya anarudia mwaka. Na nyumbani kwetu, hili naliandika kwa kifupi, hakukuwa na mwaka wa kurudia. Walimu walikwenda kupekua geto letu. Walifungua ndoo ya unga, walikunjua godoro, walitazama hata nyuma ya maharusi wa Jeska. Simu hawakuipata. Mkuu akasema nimeificha kwa mtu, nilete mzazi kesho.

Mzazi aliyepatikana ni Bi Hadija. Alivaa kanga mpya, akaacha nyumbani maharage aliyokuwa ameahidi kupeleka kwa watu, akaja kukaa kwenye benchi la ofisi miguu ikining'inia kidogo. Mkuu alimwamkia kwa heshima, akamuuliza kama amewahi kuniona na simu.

"Simu?" Bi Hadija akanitazama, akamtazama. "Baba, huyu hata salamu anaitikia kwa shida. Atampigia nani?"

Mwalimu mmoja alijifanya anakohoa. Mkuu hakucheka. Akasema kama sina simu basi nilichoandika nimekibuni, kwa kuwa mtoto wa Kidato cha Pili hawezi kukijua. Bi Hadija akasema sikubuni, yeye alikuwa anakaa pembeni yangu kila jioni tangu maharage yanatoa maua, na yote yameandikwa kwenye daftari langu kubwa, upande huu ugomvi wa namba, upande huu mambo yangu. Mkuu akanyoosha mkono. "Lilete hilo daftari." Bi Hadija aliona uso wangu, akajua amekosea, akashika mdomo.

Kaunta buku lilikuwa ndilo wokovu wangu, kurasa na kurasa za kugawanya, baki moja moja, alama za vidole vyangu vyote. Na nyuma ya kila ukurasa kulikuwa na mimi. Kulikuwa na mvulana wa Kidato cha Nne ambaye hata jina langu hakulijua. Kulikuwa na dagaa wa Jeska niliowala nikasema ni paka. Kulikuwa na mambo ya Murukulazo. Nikamwambia Mkuu, "Silileti." Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka. Akachukua karatasi, akaandika, akanisomea: "Mimi Spesioza, mwanafunzi wa Kidato cha Pili, nakiri kwamba nilichoandika ukutani si kweli, na nimekiandika kwa utovu wa nidhamu." Akaeleza polepole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa. Nikiisoma kesho kwenye paredi, adhabu yangu itakuwa kufuta ukuta na kuchota maji wiki moja. Nisipoisoma, basi ile namba ni ya kweli, kwa hiyo ni ya simu, kwa hiyo nakwenda nyumbani. "Chagua." Nilimtafuta Mwalimu Kahigi kwa macho. Alikuwa anasahihisha madaftari, mkono mbio, vema, vema, vema.

Jioni ile Jeska alipika ndizi na maharage, akaweka na karanga zilizokuwa za sikukuu. Alinisihi. "Shoga, soma tu hicho kikaratasi. Wewe utajua ni kweli, mimi nitajua, Bi Hadija atajua. Namba itakasirika?" Nilimwambia namba haikasiriki. Hilo ndilo lililonisumbua. Jemedari hakuwa na habari na rangi iliyopakwa juu yake. Alikuwa pungufu, moja na 239 na 4,649 ukijumlisha hupati hata elfu tano, alikuwa witiri, alikuwa anasomeka sawa mbele na nyuma, na hakuwa tasa, hakuwahi kuwa, hata siku ile Mwalimu anapanda ngazi. Walionipanga mimi, huyu Mrundi, huyu bubu, huyu ana simu, hawakunigawanya kwanza waone. Yeye angalau aligawanywa. Bi Hadija alikuja kukaa mlangoni kwetu, akaniomba radhi kwa habari ya daftari. Akasema, "Ukienda kwenu nitakuja kukufuata. Lakini usiseme imebaki wakati haijabaki. Nilikuwepo."

Jumatano paredi ilipangwa tena pale ukutani, nikaitwa mbele. Mkuu akanipa karatasi. Niliishika, nikaitazama, nikamrudishia.

"Soma."

"Siwezi, Mkuu. Si kweli."

"Ndiyo hivyo hivyo ilivyoandikwa, kwamba si kweli. Soma!"

Watu walicheka. Nilisema, "239 mara 4,649 ni Jemedari. Naomba azidishe mtu yeyote." Hakuna aliyesogea. Mkuu alikuwa ameshageuka kumwambia mwalimu wa zamu aandike barua ya kunisimamisha, ndipo Mwalimu Kahigi akatoka kwenye safu ya walimu. Alikuja polepole mpaka mbele yangu, macho mekundu tena. Hakuuliza habari ya simu. Aliuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Na hiyo 4,649 yenyewe? Inagawanyika, au umeishia hapo?"

Sijui mpaka leo kama alikuwa ananitega au ananifungulia. Simu ingempa mtu namba mbili, lakini isingemwambia kwa nini. Nami jibu nilikuwa nalo tangu jioni ya sifuri, sikuwa nimeliandika mahali popote.

"Hiyo ukuta unaitosha, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Sabini mara sabini ni elfu nne mia tisa. Tayari imeipita. Tunaishia sitini na saba."

Akageukia mistari ya wanafunzi na sauti yake ya klabu ikarudi, ile ya viazi. "Mstari wa mbele! Kumi na tisa, hesabuni. Kila mmoja tasa yake, mbili mpaka sitini na saba. Chini, kwenye vumbi. Gawanya 4,649!" Walichuchumaa. Wengine wa nyuma nao wakachuchumaa bila kuambiwa, wakaokota vijiti, na ule uwanja mwekundu ukajaa tarakimu. Mkuu alisema, "Mwalimu, tuna kipindi," lakini hakuna aliyesikia. Majibu yakaanza kupaa. Saba, inabaki moja! Kumi na moja, inabaki saba! Kumi na tatu, nane! Mmoja wa wale waliokuwa wakiniambia nirudi kwetu alishika hamsini na tisa, akakosea, akafuta kwa kiganja, akarudia, akasimama: "Arobaini na saba, Mwalimu." Jeska alikuwa wa mwisho, sitini na saba, ulimi nje. "Inabaki ishirini na sita!"

"Ni tasa," Mwalimu Kahigi akasema. Akamgeukia Mkuu. "Na ile nyingine aliyoandika ni kweli. Nilizidisha Jumatatu." Kisha akaongeza: "Simu hana."

Mkuu aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Sikumwona akiaibika, alikuwa mtu wa kazi, na kazi ilikuwa bado iko pale pale. "Haya," akasema. "Lakini ukuta ni mali ya shule, na keshokutwa wageni wako hapa. Leteni maji na kitambaa. Afute uchafu wake."

Dada wa zamu akaleta ndoo. Nilichukua kitambaa, nikakikamua. Nilitazama SIYO yangu ya mkaa, imekaa kombo, halafu nikatazama kule karibu na linta.

"Nitafuta, Mkuu," nikasema.

"Futa basi."

"Ila nikianza kufuta, nitaanzia juu."

"Unasemaje?"

Nilirudia maneno yale yale. Mkuu akageuka kumtafuta Mwalimu Kahigi ili aseme neno, asimkute. Alikuwa ameshafika mlangoni mwa stoo, ngazi begani, anainama kuchukua ndoo ya chokaa.